Mafuta ya Ufuta Kwenye Vitasa

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mada ya msuguano nimeifundisha miaka mingi hapa Ruangwa bila kufungua kitabu. Naweza kuamshwa usingizini nikaieleza mpaka kengele ya kutoka. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba kosa nitakalolisimulia halikutokana na ujinga. Lilitokana na kujua, na hapo ndipo lilipokuwa baya zaidi, kwa sababu mjinga angeuliza kwanza.

Gari nililinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyehamishwa. Lilikuwa dogo, jeupe, la milango minne, na katika hiyo minne ni mmoja tu uliostahili kuitwa mlango, wa dereva. Wa nyuma kulia ulikufa kabla yangu: kishikio cha nje hakikuwepo na cha ndani kilikuwa kinacheza tu bila kuvuta kitu. Wa mbele kushoto ulifunguka ukiupiga bega. Wa nyuma kushoto ulifunguka vizuri, ila kwa mlio uliowatoa majirani nje. Mke wangu alikuwa na mimba ya kwanza, na alidai mlio ule unamshtua mtoto tumboni.

Jumamosi moja nikaangalia video kwenye simu. Kijana mmoja alikuwa anaonyesha namna ya kuhudumia bodi ya gari: vitasa vya milango, bawaba, loki ya boneti, buti, kila mahali chuma kinaposugua chuma. Akasema tumia mafuta mepesi. Hakusema mepesi ya nini. Nikazunguka nyumba nzima nikitafuta kitu chepesi, sikukiona, mpaka macho yakaangukia chupa iliyokuwa juu ya kabati.

Chupa ile ilitoka kwa mama mkwe wangu, kijijini Chiola. Alikuwa ametwanga ufuta wa shambani kwake kwa mikono yake, akauchemsha, akaengua mafuta kidogo kidogo, akamtumia binti yake ajipake tumboni na kiunoni kila jioni, na yatakayobaki yamsubiri mtoto. Yote hayo niliyajua. Nilijidanganya tu kwamba vijiko viwili vitatu havitaonekana. Kumbe gari lina sehemu nyingi za kupaka kuliko tumbo la mjamzito. Nilipomaliza buti, chupani kulibaki mafuta ya kulowesha ncha ya kidole.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa raha tupu, lazima nikiri. Hata ule mlango wa bega ulikubali mkono. Gari lilinukia kashata. Walimu wenzangu waliponiuliza siri ni nini, niliwapa mhadhara mfupi kuhusu msuguano, nikiegemea boneti. Mke wangu alipouliza habari za chupa, nikamwambia ilinidondoka nilipokuwa natafuta kibiriti. Akaichukua, akaigeuza geuza ikiwa nzima kabisa, haina hata mkwaruzo, akairudisha juu ya kabati.

Kisha wakaja sisimizi. Nilikuwa naegesha chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, nao wakapanga foleni kutoka kwenye shina, wakapandia tairi, wakaingia kwenye kitasa cha mlango wa nyuma kushoto kana kwamba wamealikwa. Na msimu wa korosho ulikuwa umeanza, malori yanapita kutwa, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chai. Vumbi lile likakutana na mafuta yangu. Milango ikaanza kuwa mizito tena, lakini safari hii haikulia, ilinyamaza tu. Mimi nikaona kimya ni dalili ya afya.

Sasa nimweleze mama mkwe, maana bila yeye hakuna habari hapa. Tangu nimwoe binti yake, mimi na yeye tulikuwa tunaheshimiana kwa namna ya zamani ya kwetu. Hatutazamani usoni. Hatuli sahani moja. Hatupeani kitu mkono kwa mkono: akitaka kunipa anakiweka chini, anarudi nyuma, nami naokota. Akiwa na neno na mimi anamwambia binti yake, hata kama nimekaa pale pale nasikia. Wakwe wengi wa siku hizi wameyaacha haya. Yeye hajaacha, na mimi kwa kweli nayapenda, kwa sababu yananipa muda wa kufikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo kwa hasira zangu nalihitaji sana. Na lipo moja zaidi: mama haendi kwa mkwe wake kwa kujipeleka. Mkwe ndiye anayemfuata.

Mwezi wa kumi na mbili nikamfuata Chiola, aje akae siku chache na binti yake na kuona maandalizi yanaendaje. Kiti cha mbele tukakijaza gunia la muhogo na jogoo aliyefungwa miguu. Yeye akakaa nyuma kushoto, kanga kichwani. Mimi nikakigeuza kioo cha kutazamia nyuma kikaangalia paa, ili macho yetu yasikutane kwa bahati mbaya. Ndiyo maana mvua ilipoanza sikuona kilichokuwa kinaendelea. Nilisikia msonyo mmoja, halafu wa pili, mrefu zaidi. Halafu nikamsikia anapiga simu.

"Mwambie mumeo," alimwambia binti yake aliyekuwa nyumbani Ruangwa, "paa lake linanikojolea, na huku chini kuna mto."

Simu yangu ikaita mfukoni. "Mama anasema huko nyuma kuna mto," akasema mke wangu.

"Mwambie tunakaribia kufika," nikasema, na mama akanisikia vizuri tu, kwani alikuwa hatua moja nyuma ya kisogo changu.

Wakati wa alasiri tulikuta msikiti kando ya barabara. Ikapigwa simu Ruangwa, ikarudi kwangu: mama anataka kuswali. Nikasimama, nikazunguka kwenda kumfungulia. Mlango haukufunguka. Akajaribu kwa ndani, haukufunguka. Nikauvuta mpaka gari likayumba. Wa mbele kushoto nao ulikuwa umegoma, na hata usingegoma kulikuwa na gunia. Wa nyuma kulia ni marehemu. Nikakimbilia buti, ambalo nalo nilikuwa nimelipaka vizuri sana, likanitazama tu.

Ulibaki mlango wangu. Ili atokee huko ilibidi apenye katikati ya viti, akae kwenye kiti changu, ndipo ashuke. Nikasogea mbali, nikampa mgongo, nikasubiri. Nikasubiri sana. Simu ikaita.

"Mama anasema hawezi kukalia kiti cha mkwe wake. Tena kikiwa bado kina joto."

"Mwambie nitafungua milango kipoe."

"Milango ipi?" akauliza mke wangu.

Watu wakatoka msikitini. Wanawake watatu waliona hali, wakamwambia ashushe kioo cha mlango wake, wakamtoa mama mkwe wangu kwa dirishani, kichwa kwanza, wakihesabu moja mbili tatu. Mimi nilikuwa nimesimama nikitazama shamba la mikorosho, masikio yamewaka moto. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nilishawahi kusahau jina la mgeni rasmi mbele ya mahafali mazima.

Alipotua chini aliinamia ukingo wa mlango, akapitisha kidole kwenye kitasa, akakisugua, akakinusa. Akanusa tena. Akatoa simu, na punde yangu ikaita.

"Mama anauliza," mke wangu alisema polepole, "mafuta yake yamefikaje mlangoni."

Mama akaingia kuswali, akatoka, akamchukua jogoo wake kwapani, akapanda bodaboda kurudi Chiola. Muhogo akaniachia. Ujumbe ulifika kabla sijafika nyumbani: haingii tena kwenye lile bati mpaka alione limekuwa gari.

Mke wangu hakunigombeza, na hilo liliniumiza kuliko kugombezwa. Alikuwa amebakiza miezi miwili. Usiku ule aliniambia wazi kwamba anaogopa kuzaa, ameogopa tangu mwanzo na alikuwa anaficha, na kitu pekee kinachompa nguvu ni kujua mama yake atakuwa nje ya mlango. Si mimi. Mama yake. Nikapendekeza gari la kukodi. Akapiga simu Chiola, akanirudishia jibu neno kwa neno: "Sikumwoza mwanangu kwa dereva wa kukodi." Basi ikawa hivyo. Gari lipone, au mke wangu azae bila mama yake kwa sababu ya chupa moja ya mafuta.

Nilimpata fundi wa bodi Nachingwea, nyuma ya soko, mtu mnene anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Nikamwambia milango inakwama, nilipaka oili kidogo. Alifungua kava la mlango wa nyuma, akakitoa kitasa kizima, akakiweka kiganjani. Kilikuwa donge jeusi, limeshikana, na sisimizi wakavu wamegandia ndani.

"Mwalimu," akasema, "hii oili ulikuwa unapikia mboga gani?"

Nikamweleza yote, pamoja na dirisha la msikitini. Mabega yake yalitikisika mpaka akaweka spana chini. Alipotulia akaniambia mafuta ya ufuta ni ya watu. Kwenye chuma hukauka taratibu yakawa kama utomvu, na kila vumbi linalopita linanasa. Akavitia vitasa vyote kwenye bakuli la petroli, akavisugua kwa mswaki wa zamani, akavikausha juani. Kisha akapaka grisi ndani ya kitasa, kidogo sana, kiasi ambacho mimi ningekiona uchoyo, na oili nyepesi ya mashine kwenye bawaba. Nilipomnyooshea oili ili atie kwenye tundu la ufunguo, akanipiga kofi mkononi.

"Hapo pakavu. Una penseli?"

Mwalimu hakosi penseli. Akaikwangua ncha kwa kisu, ule unga mweusi akaupuliza kwenye tundu, akaingiza ufunguo na kuzungusha. Ukazunguka laini kabisa. Nilikuwa nimebeba dawa ile kwenye mfuko wa shati siku zote.

Maji ndiyo yaliyonifungua macho. Fundi yule alikuwa na namna yake ambayo sijaiona kwingine. Alininyunyizia unga wa muhogo ndani ya gari, kwenye maungio ya paa, pembeni mwa milango, sakafuni, kila mahali, akaniingiza humo na tochi, akafunga. Yeye akajitwisha mgongoni mashine ya kupulizia mikorosho dawa, ameijaza maji matupu, akaiwasha, akaanza kulipiga gari kwa nje, sehemu moja baada ya nyingine. Kazi yangu ilikuwa kutazama unga na kupiga kelele nikiona umelowa. Kelele nilipiga. Juu ya mlango wa nyuma kushoto mstari mwembamba ulijichora kwenye unga, kutoka kwenye mfereji wa paa, ukashuka hadi pale kilipokuwa kichwa cha mama mkwe. Akausafisha mfereji, akakwangua gundi iliyopasuka, akaziba upya.

Lakini mto wa miguuni haukutokana na paa. Aliinama chini ya mlango ule ule, akaniuliza kama najua kwamba mlango wa gari huingiza maji kila mvua inaponyesha, na kwamba yana matundu yake ya kutokea chini. Sikujua. Akachokoa kwa waya. Kwanza hayakutoka maji, likatoka tope jekundu lililochanganyika na maua ya mkorosho na kichuguu kizima cha sisimizi. Kisha maji yakabubujika yakamlowesha viatu.

"Walifuata mafuta yako, wakajenga, wakaziba," akasema. "Mlango ukajaa, ukamwagia ndani."

Nilikasirika, kwanza kwa mazoea, halafu nikakosa wa kumkasirikia. Kukwama, sisimizi, mto: vyote vilikuwa mtu mmoja na chupa moja. Nilicheka peke yangu mle ndani, unga wa muhogo umenijaa kwenye nyusi.

Mlango uliokufa akaufufua kwa waya na kishikio cha gari bovu. Mipira ya milango iliyokakamaa akaibadilisha, akaniambia niwe naifuta na kuipaka poda ya mtoto isigande. "Lakini poda nunua ya kwako," akaongeza. "Ya mtoto usiiguse." Mwisho akanikalisha kwenye kigoda, akaniamuru nifungue na kufunga kila mlango mara hamsini, ili grisi itembee. Nilifungua na kufunga mpaka watu wa sokoni wakaanza kunihesabia.

Mwezi wa pili nikaenda Chiola kukaguliwa. Mama alikuwa barazani, amekaa kwenye mkeka, uso ameugeuzia ukutani. Alinong'ona na majirani zake wawili, nao wakaja na ndoo kichwani, wakaanza kulimwagia gari maji bila hata kunisalimia. Kabla ya hapo mama alikuwa ametandika kanga kavu sakafuni nyuma. Zilimwagwa ndoo sita. Nikasimama pembeni nikihesabu kila moja. Kisha akaja mwenyewe, akaitoa ile kanga, akaikunjua, akaibana shavuni. Akaiweka begani. Akaenda kwenye mlango wa kwanza, akaufungua kwa kidole kimoja. Wa pili. Wa tatu, ule uliokuwa marehemu. Akaingia nyuma kushoto, akajifungia, akafungua, akajifungia, akafungua. Mwisho akanusa kitasa.

"Mwambieni nitajiandaa, anifuate Ijumaa," aliwaambia majirani.

Hatukufika Ijumaa. Nilikuwa bado namaliza uji nilioletewa simu ilipoita, na jirani yetu wa Ruangwa akasema uchungu umeanza, wameshampeleka mke wangu hospitali. Kumbe mama alikuwa na kikapu tayari mlangoni. Sijui kilikuwa kimekaa hapo siku ngapi. Akapanda. Nikageuza kioo juu, tukaondoka.

Mvua ilitukamata njiani, mvua ya mwezi wa pili isiyo na mzaha, vaipa zinafuta na hakuna kinachofutika. Mimi nilikuwa nimetega masikio nyuma, nikisubiri msonyo. Haukuja. Nilisikia tu mama akimpigia binti yake, na simu ikiita bila kupokelewa, akipiga tena, ikiita. Nilikuwa na hofu, na sikuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu aliyekuwa akitubebea maneno ndiye aliyekuwa hospitali.

Tukafika kwenye ule msikiti. Ilikuwa saa ya alasiri vile vile. Nikapunguza mwendo, sijui nifanye nini, nasubiri simu ambayo haitaita.

"Twende, mkwe," ikasema sauti nyuma yangu. "Mola anajua. Twende."

Miaka minne ya ukwe, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu. Nilikanyaga mafuta.

Hospitali sijazima injini, nikasikia kitasa kikifanya klik, na mama akawa ameshashuka, anakimbia na kanga yake kavu kwenye mvua. Alikuwa nje ya mlango wa wodi ya wazazi kwa muda wa kutosha. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba alimsikia akikohoa kule nje, kikohozi anachokijua tangu utotoni, na mwili wake ukalegea, na woga ukamtoka. Mtoto ni wa kike.

Mama alipotoka kutoa habari, nilikuwa nimesimama kibarazani na kikapu chake nilichokitoa garini. Juu ya nguo zilizokunjwa kulikuwa na chupa, imejaa pomoni, rangi ya asali. Alikuwa ametwanga upya. Nikaitoa ili nimwachie, nikatafuta mahali pa kuiweka. Sakafu nzima ilikuwa tope la viatu vya watu, na ukingo wa kibaraza unatiririka maji. Nikabaki nimeishika, naangalia chini, natafuta hata kipande kimoja cha sakafu kikavu.

Mama mkwe akanyoosha mkono.

"Lete hapa," akasema. "Milango yako katafutie mengine."

Nikampa mkononi.